Kaseti ziko stoo, sisi tuko ukumbini tunapiga makofi

Jumatano nilimdanganya bosi naenda kwa daktari wa meno, nikapanda matatu hadi mjini kuwahi mhadhara wa kumbukumbu ya Mwalimu wetu wa fasihi simulizi pale chuoni. Mwaka umeisha tangu atuache. Kadi ilisema saa nane kamili na kwa vile hiki ni chuo kikuu si harusi, nikaamini. Tulianza saa tisa na robo tukingoja mgeni rasmi, ambaye hakuja, akatuma mwakilishi, naye mwakilishi akasoma hotuba ya mkubwa wake neno kwa neno mpaka akafika pale panaposema "mimi na marehemu tulikuwa vijana pamoja miaka ya sabini". Kijana wa watu hata thelathini hajagonga. Itifaki zote zimezingatiwa.

Sitaki kuwa mbaya. Watu walijitolea, maua yalikuwepo, bango lenye picha yake ile ya koti la kijivu lilikuwa kubwa kuliko mlango, na sambusa zilikuwa moto. Familia ilikalishwa mbele, hilo nalipongeza. Lakini jameni, masaa matatu tumekaa pale na hakuna hata mtu mmoja aliyesoma sentensi moja ya kitu Mwalimu alichoandika. MC alisoma wasifu. Mkuu wa idara akaja akasoma wasifu. Mzungumzaji mkuu akafungua slaidi zake, nikasema sasa tumefika, slaidi ya kwanza ikawa nini? Wasifu. Saa hii najua alizaliwa wapi, digrii gani alipata mwaka gani, kamati ngapi alikaa. Alikuwa anawaza nini, hakuna aliyegusa. Na yote kwa Kiingereza, kumbukumbu ya mtu ambaye ukimwambia gudmoning anakujibu "sijambo, wewe je?", lakini hiyo ni vita ya siku nyingine.

Wacha mimi niwaambie alikuwa nani.

Mwaka wa pili, darasa la fasihi simulizi, wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Desemba, aliingia na boksi la kaseti tupu zile za dakika 90 akatugawia mojamoja kama padri anagawa komunyo. Akasema nendeni nyumbani, tafuteni mzee, mnyamaze. Hiyo ndiyo asainmenti yote. Ukirudi na sauti yako nyingi kuliko ya mzee, umefeli.

Nilienda kwa susu, yaani nyanya yangu, Machakos. Nikaweka redio kaseti ya mjomba juu ya debe la mahindi nikabonyeza ile nyekundu. Susu akauliza kama hicho kidude kinasikia hata mtu akiongea polepole. Nikasema ndio. Basi akaanza kunong'ona! Nusu saa nzima ya fisi na mke wa fisi, na wimbo katikati, kwa mnong'ono, mpaka jogoo akawika dirishani, susu akasahau redio akapaza sauti kumtukana huyo jogoo vizuri sana, halafu akarudi kwa fisi kama hakuna kilichotokea. Nilipoandika matini nikaruka hayo matusi, unajua tena adabu. Mwalimu alisikiliza kaseti yote. Yote, na tulikuwa arobaini na kitu darasani. Alinipa 58, na pembeni mwa karatasi kwa peni ya kijani ameandika: "Jogoo naye yumo kwenye hadithi. Mbona umemfuta?"

Susu alifariki 2011. Hatukuwa watu wa simu za video wakati huo. Sauti yake iko mahali pamoja tu duniani, kwenye hiyo kaseti.

Kwa hivyo wakati wa chai nikauliza. Ofisini kwake yale makatoni yalifika dirishani, kila moja limeandikwa mwaka na wilaya kwa maka peni, zaidi ya miaka ishirini ya wanafunzi kutumwa kwao, piga hesabu mwenyewe. Wazee wa kila pembe ya nchi hii wako mle ndani na wengi wao naamini hawapo tena. Nikamuuliza dokta mmoja, makatoni yako wapi? "Yalihamishwa wakati wa kupaka rangi." Wapi? "Stoo." Stoo gani? "Ile ya chini." Ile ya chini naijua, tuliosoma pale wote tunaijua, ndiyo yenye bomba linalovuja tangu tukiwa fasti yia. Dokta akachukua sambusa nyingine.

Hapo ndipo nilipandwa na hasira. Kaseti si jiwe bana. Ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi, unyevu ukiingia gundi inalegea, unga unabanduka, na sauti inaondoka na huo unga. Bado ukungu. Na kuziokoa si sayansi ya roketi, kaseti ya dakika 90 ukitaka kuihamishia kompyuta vizuri unaicheza dakika 90 mtu akiwa amekaa hapo anasikiliza, basi. Kaseti mia moja ni masaa 150. Wanafunzi wanne wa atachimenti na mashine nne nzima wanamaliza kwa wiki moja. Sasa lile bango lilikula pesa ngapi?

Na sisi ndio watu wa Ogot! Januari 2025 mwanahistoria wetu Profesa Bethwell Ogot alipofariki kila mtu aliyewahi kushika chaki aliandika jinsi alivyoenda London na ushahidi uliotoka vinywani mwa wazee, enzi ambazo bila karatasi huna historia, enzi ambazo mwanahistoria Trevor-Roper wa Oxford alisema hadharani mwaka 1963 kwamba Afrika kuna historia ya Wazungu tu, mengine yote ni giza. Kitabu cha Ogot kuhusu Waluo wa kusini kikatoka 1967 na mjadala ukaanza kugeuka. Tulishinda ule mjadala. Tukashinda, halafu ushahidi wenyewe tukauweka chini ya bomba.

Si mara ya kwanza. Mzee Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya kwa miezi tu mwaka 1966, alikusanya vitabu na sanaa maisha yake yote, nyumba yake ya Muthaiga, Nairobi, akaiachia serikali kwa bei ya chini ili iwe taasisi ya masomo ya Kiafrika, maktaba ndani, hosteli ya watafiti. Taasisi haikuwahi kufunguliwa na nyumba ilibomolewa. Vitabu angalau viliokoka, viko Archives, hifadhi ya taifa ya nyaraka pale Moi Avenue, zaidi ya 8,000 vya kabla ya 1900. Yeye alifariki 1990, amezikwa City Park karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa 1965, na leo hapo kuna bustani nzuri ya kumbukumbu yenye sanamu, mimi hupita Jumapili, tumbili wanakupora ndizi hivi hivi. Aliomba taasisi, akapewa bustani.

Najua mtaniambia chuo hakina pesa. Sawa, hakina, mishahara yenyewe walimu wanaipata kwa kugoma. Na kuna watu wa maktaba wanaojitahidi, tasnifu nyingi siku hizi unazipata mtandaoni bure, nimezitumia, asanteni. Lakini msiniambie hakuna pesa huku mnatafuna sambusa.

 Na kuhusu kile Kiingereza cha ukumbini: kule Bayreuth kila mwaka kuna kongamano la Kiswahili, watu wanasimama wanasoma makala zao kwa Kiswahili. Bayreuth, Ujerumani.

Kilichonimaliza ni mwisho. Dada yake Mwalimu aliitwa kutoa shukrani, mama wa leso na sweta, akashika maiki akasema kwa Kiswahili: "Asanteni kwa kumpenda ndugu yangu. Alikuwa akija nyumbani anasikilizia watu hadithi kwa redio, anacheka peke yake usiku. Hizo hadithi ziko wapi?" Ukumbi ukapiga makofi, MC akamshukuru, tukaitwa kwa picha ya pamoja.

Alhamisi niliandika barua ya kuomba kuingia stoo. Pale Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya redio, nimepata redio kaseti ya mtumba, fundi ameniwekea mpira mpya na inazunguka vizuri, nimeijaribu na kaseti ya kwaya. Leo nimepigiwa simu. Barua imepokelewa, ila mwenye funguo yuko likizo.