Adrenalini siyo homoni ya woga tu, angalia moyo wa samaki wa maji baridi

Kila mtu akitaja adrenalini utasikia hofu, kukimbia, kupigana, basi. Mimi naona tunaipunja sana hii homoni, na walionifanya nione hivyo ni samaki wa maji baridi, hasa trauti.

Iko hivi. Moyo ili ujikaze unahitaji kalsiamu iingie kwenye seli zake, na kalsiamu inapita kwenye vijimlango vya utando wa seli, sasa maji yakishuka mpaka nyuzi 5 hivi vile vijimlango vinazubaa, kinachoingia kinapungua, na samaki hana joto lake la mwili la kumwokoa, maji yakiwa baridi na moyo nao ni baridi vilevile. Hapo ndo adrenalini inafanya kazi, inashika vipokezi vya beta, yaani sehemu za seli za moyo zinazopokea homoni hii, kalsiamu inapita zaidi, pigo linakuwa na nguvu. Na wala haihitajiki nyingi! Ni kile kiasi kidogo tu kinachozunguka kwenye damu samaki akiwa katulia zake hajatishwa na chochote. Moyo wa trauti ukitolewa ukapampiwa maji maalumu maabara kwenye baridi hiyo bila adrenalini hata chembe, unaanza kuyumba. Tena trauti aliyezoea baridi anakuwa na vipokezi vya beta vingi moyoni kuliko aliyezoea joto, yaani mwili wenyewe unajiandaa kuisikia homoni vizuri zaidi.

Si samaki wote wa baridi wako hivyo lakini. Kule Antaktika kwenye maji ya karibu nyuzi -1.9 kuna Trematomus bernacchii, yeye moyo wake unashikwa zaidi na breki ya neva ya vegasi, neva inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini na mapigo yanabaki ya taratibu.

Turudi kwa trauti, ambaye moyo wake unaitegemea hivyo adrenalini: mtu akiniambia mto ukipanda joto kidogo atazoea tu, nabisha. Akiogelea kwa nguvu damu inayorudi moyoni inakuwa na oksijeni kidogo, ina asidi, potasiamu imepanda, na adrenalini ndo inaukinga moyo wakati huo, ila maji yakifika nyuzi 18 ile kinga inapungua sana, kwa hiyo anabanwa kotekote, mwili unadai oksijeni zaidi na moyo hauisikii homoni kama mwanzo. Wanaopima afya ya mito wasiishie kuhesabu samaki, wapime na mioyo yao.