Hattie McDaniel na zile dola 700

Usiku wa tarehe 29 Februari 1940, katika ukumbi wa Cocoanut Grove wa hoteli moja jijini Los Angeles, Hattie McDaniel aliitwa kuchukua Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Hakuna Mweusi aliyewahi kuipata Oscar kabla yake. Alinyanyuka kutoka meza ndogo ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu ya Gone with the Wind, maana hoteli ile haikupokea Weusi na hata yeye aliingia kwa kuombewa ruhusa.

Nafasi iliyompa tuzo ni ya Mammy, mtumwa wa ndani. Mwaka 1942 Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alikwenda Hollywood kuwabana wenye studio waache kumwonyesha Mweusi kama mtumishi na kichekesho tu. Hoja yake ilikuwa nzito. Mammy anaipenda nyumba ya mabwana zake hadi utumwa unaonekana kama undugu, na Wazungu wengi hawakuwa na Mweusi mwingine waliyemjua zaidi ya huyo wa sinema.

Lawama zilimfikia McDaniel pia, na jibu analokumbukwa nalo ni kwamba heri kuigiza utumishi kwa dola 700 kwa wiki kuliko kuwa mtumishi kwa dola 7. Watu hulicheka, lakini mwenyewe alijua anachosema. Baba yake alizaliwa utumwani. Yeye, kitinda mimba wa watoto 13, aliimba na kuchekesha majukwaani pamoja na kaka zake, na uchumi ulipoporomoka mwaka 1929 akaishia kuhudumia wateja chooni katika klabu moja ya Milwaukee, hadi siku aliporuhusiwa kuimba.

Nampa White haki yake kuhusu picha. Mzigo wa lawama ndio aliutua kwenye kichwa kisichostahili. McDaniel hakuandika maneno ya Mammy, na angekataa, angeitwa mwingine. Ila njaa nayo haiwezi kumtetea milele. Mwaka 1947, akiwa na jina na nyumba kubwa, aliingia redioni kuigiza Beulah, mtumishi tena.

Nyumba hiyo ilikuwa Sugar Hill, mtaa wa matajiri wa Los Angeles. Majirani Wazungu walikwenda mahakamani kuwatoa wenzao Weusi, wakishikilia mikataba ya viwanja iliyokataza Weusi kuishi pale. McDaniel aliwakusanya waliotakiwa kuhama, wakaweka wakili, na mwaka 1945 hakimu akaitupa kesi. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ilizizuia mahakama zote kutekeleza mikataba ya namna hiyo.

Wanaomtetea huitaja sana kesi hii, nami naitaja. Lakini inampa nguvu White pia: baada ya Mammy kupendwa na Marekani nzima, bado wapo waliolipa mawakili ili asikae jirani yao.