Hata jina lake hawalijui

Mhariri, mwandishi wa makala yenu anasema matabaka ya riwaya za kidistopia, yaani hadithi za jamii ya kubuni yenye ukandamizaji, ni ndoto za mbali. Sikubaliani naye. Katika Brave New World ya Aldous Huxley (1932), mtu hupangiwa tabaka angali mimba inayokuzwa kwenye chupa, kisha rangi ya nguo: Alpha, tabaka la juu, kijivu; Epsilon, la chini kabisa, nyeusi. Njooni kwenye ghorofa ninalolinda usiku hapa Dar. Wasichana wa kazi huvaa sare ya bluu, lifti ya mbele marufuku; wanapanda ya mizigo, pamoja na mapipa ya taka. Mmoja wao anatunga mashairi, daftari zima limejaa. Alinisomea mawili getini, nikasisimka mwili. Miaka mitatu yupo pale, wapangaji wanamwita "dada wa namba 12". Inaniuma sana. Mhariri, mashairi bado mnapokea?