Si kila mtikisiko ni degedege

Nakuunga mkono mwandishi wa makala ya watoto kutikisika usingizini: mtoto kuyumbayumba au kubingirisha kichwa anapoanza kusinzia mara nyingi si ugonjwa. Huanza kabla ya mwaka 1, na wengi huacha wakifika miaka 5. Ila huku kwetu Mbagala ukisema tu mtoto anatikisika usiku, jirani keshaleta hirizi, eti degedege! Wangu alikuwa akigonga kichwa kwenye ubao wa kitanda, du du du, mpaka neti inacheza, ukimwita anaacha. Tulisogeza kitanda mbali na ukuta, tukakaza skrubu, basi. Ungeongeza hili: akikakamaa, macho yakageuka, au ikimtokea mchana katikati ya mchezo, mchukueni video kwa simu mkamwonyeshe daktari.