Adimu kwa nani?

Pwani kwetu, ukikutana na mtu mliyepoteana siku nyingi, salamu huanza na lawama: "Umeadimika wewe!" Akizidi kutoonekana, ataambiwa amekuwa adimu kama wali wa daku. Ndani ya maneno hayo mna tuhuma kwamba aliyeadimika ametaka mwenyewe, kwamba ametukimbia.

Tangu nionyeshwe bundi wa Sokoke, salamu hiyo inanikwama kooni.

Tuliingia msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, asubuhi na mapema, mimi na kiongozi aliyekulia kando yake. Msitu una kilomita za mraba 420 hivi, lakini bundi huyu hakai kote. Anapenda upande wa udongo mwekundu, kwenye vichaka vilivyosongamana hata mtu hupita kwa kuinama. Kiongozi akasimama, akanyoosha kidole. Sikuona kitu. Akanishika bega, akanigeuza taratibu, na yale niliyodhani ni majani makavu yakafumbua macho. Walikuwa wawili, wamebanana kwenye tawi moja, mmoja wa kijivu na mwenzake mwekundu wa kutu. Urefu wao kama sentimita 17 tu. Mikono ilinitetemeka.

Kiongozi akasema huwakuta hapo hapo kila mara. Basi hawa wako kwao. Mimi ndiye niliyekuwa sijafika, na nimezaliwa mwendo wa saa moja kwa matatu kutoka hapo.

Kuna kisa kingine ninachokipenda. Mwaka 1991, watafiti wa Denmark waliokuwa wamepiga kambi katika milima ya Udzungwa, Tanzania, waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemjua. Alikuwa kwale ambaye sayansi ilikuwa haijampa jina; alipewa mwaka 1994, na jamaa zake wa karibu wako Asia. Kisa hiki husimuliwa kama ugunduzi. Lakini ndege hafiki sufurini peke yake. Kuna aliyemtega, na mtegaji hutega mahali anapojua ndege atapita.

Sisemi kwamba ndege hawa hawapungui. Bundi wa Sokoke amebakiwa na msitu huu, vipande vichache vya karibu, na misitu iliyo chini ya milima ya Usambara Mashariki. Mihugu mikubwa ya Arabuko imekatwa kwa ajili ya vinyago. Ukikata kichaka chake hana pa kuhamia, na hapo ndipo neno "kuadimika" linapokuwa dhuluma, maana tunamlaumu aliyefukuzwa.

Tena bundi ana mzigo wa peke yake. Katika lugha yetu, ndege ni bahati pia: kuna ndege njema na ndege mbaya. Bundi akilia karibu na nyumba, watoto tulitumwa tumfukuze kwa mawe. Niliyarusha, na mpaka leo yananiuma.

Niliporudi nilimwonyesha mama picha. Yeye alikulia upande wa Gede, karibu na msitu huo huo. Alinyamaza, akaisogeza simu karibu na macho, kisha akauliza, "Na huyu analiaje?"

Nikamwigizia nilivyoweza.

"Ah, huyo!" akasema. "Tulipokuwa wasichana, tukiamka usiku usiku kwenda kuokota kuni, tulimsikia kila siku."