Baiti 512 zilizosogea: nani alinde mpangilio wa kumbukumbu?

Kibao cha kompyuta chenye prosesa ya ARM tunachopimia maji ya tangi hapa Kampala kilienda vizuri hadi nilipowasha ukaguzi wa kumbukumbu kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, toleo 4.19. Draiva yangu ya kadi, yaani programu inayoiendesha, iliomba baiti 512 kwa kmalloc, njia ya kerneli ya kugawa kumbukumbu, ikapewa anwani inayoishia a40. Kwa heksa (hesabu ya msingi wa 16), 512 ni 200, na chipu ya kadi ilitaka anwani inayogawanyika kwa 200 hiyo, kama a00 au c00; ndio mpangilio wenyewe. Ikapuuza tarakimu za mwisho, ikaandika baiti 64 nyuma, juu ya data ya kipande jirani.

Na hapakuwa na sheria iliyovunjwa. Bila ukaguzi, vipande nane vya 512 huujaza ukurasa wa kumbukumbu wa baiti 4096 sawasawa, kwa hiyo anwani hukaa vizuri kwa bahati tu. Ukaguzi huongeza alama za ulinzi kando ya kila kipande, safu nzima ikasogea. Toleo 5.4 la mwaka 2019 ndilo lililoigeuza bahati hiyo kuwa ahadi, kwa saizi zilizo vipeo vya mbili (kama 64, 128, 512).

Waliopinga ahadi hiyo walikuwa na hoja: anayetaka mpangilio maalumu aseme mwenyewe, kwani ahadi ya jumla humfunga mikono mgawaji, yaani msimbo unaogawa kumbukumbu. SLOB, mgawaji wa mashine ndogo, alibana pamoja vipande vya saizi tofauti, akiandika saizi mbele ya kila kimoja. Ahadi ilimlazimu apoteze sehemu ya alichookoa. Hata hivyo mimi naiunga mkono. Kwa kawaida haigharimu kitu, na hitilafu inayojitokeza siku ya ukaguzi pekee inatesa, we acha tu.

Kwenye DMA, yaani kifaa kusoma na kuandika kumbukumbu bila kupitia prosesa, nabadilisha upande. Kwa miaka mingi, ARM ya biti 64 ilitoa baiti 128 hata ukiomba 8, ili data ya kifaa isichangie mstari wa kashe (kipande cha kumbukumbu ya haraka ya prosesa) na data nyingine. Ni kama kukodi taksi nzima ya abiria 14 umpeleke mtoto mmoja mtaani Ntinda. Tangu toleo 6.5 la mwaka 2023, vipande vinaweza kushuka hadi 8, na data ndogo ya DMA ikihitaji ulinzi hupitishwa kwenye bafa (eneo la muda) ya kando. Hapo mzigo anaubeba anayeuhitaji.

Kibao chetu bado kiko 4.19. Draiva sasa inaunda akiba yake ya vipande kwa kmem_cache_create, ikitaja mpangilio 512, na ukaguzi nimeuacha ukiwaka.