Ugomvi mkubwa uko kwenye chupa ya mofini

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema watoto wa mzazi mahututi hugombania michango. Sikatai, ila kwa mgonjwa wa saratani aliyerudishwa nyumbani, moto huwashwa zaidi na chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu. Dada anayelala na mama humpa kila baada ya saa 4, na dozi ya kulalia huwa mara mbili ya ile ya kawaida kama daktari alivyoelekeza, ili usiku asiamshwe. Kaka anatua kutoka mbali, anamkuta mama kasinzia: "Mnamlewesha?" Chupa inafichwa. Alfajiri maumivu yamerudi yote, na kuyashusha upya ni kazi kweli.

Wekeni daftari: saa, mililita ngapi, nani katoa, choo kapata lini. Hilo la choo msilidharau. Mofini hufunga tumbo, ndiyo maana huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha choo, na wengi huiacha wakidhani ni ya ziada.

Siku za mwisho akikataa uji, msimshindilie; asiyeweza kumeza unamwingia mapafuni. Mlowesheni midomo kwa pamba yenye maji. (Dripu ndiyo ugomvi wa pili, na anayeidai mara nyingi ni yule aliyefika jana.)

Anayeongea na daktari awe mmoja, si lazima kifungua mimba. Awe anayelala na mgonjwa, wengine wampigie yeye. Aliye mbali alipie msaidizi wa usiku, tena atume kila wiki bila kungoja kuombwa.